Miji Niliyotumwa na Mama Kulwa Kuikagua

Ndugu zangu wa baraza la kahawa pale Mtendeni, tangu nirudi hamjanipa nafasi ya kupumua. Nikikaa tu, mmoja anauliza, "Mzee Maganga, hebu tuambie, huko vipi?" Nikifungua mdomo, wa pili anadakia kwamba shemeji yake aliwahi kufika. Wa tatu anabisha, naye hajavuka Manyoni tangu azaliwe. Nimechoka kukatizwa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kalamu naijua, na karatasi haina mtu wa kuidakia maneno. Someni mpaka mwisho, ndipo mbishe.

Chanzo mnakijua nusu. Moyo wa Mama Kulwa una taabu tangu mwaka juzi. Daktari hakuzunguka: huyu mama akae karibu na mabingwa wa moyo, asikae mahali ambapo akizidiwa lazima asafirishwe kutwa nzima. Mapacha wetu waliposikia, vita ikaanza. Kulwa yuko Maskati, Omani, kwenye mitambo ya kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Doto yuko London, anauguza wagonjwa. Kila mmoja anataka wazee waende kwake, na kila mmoja ana orodha kwenye simu. Kumbe wapo watu ambao kazi yao ni kuipanga miji ya dunia kama watoto wa shule: huu wa kwanza kwa kuishi vizuri, huu unaongoza kwa ughali, huu una foleni ya magari. Kulwa anatuma orodha inayousifu mji wake, Doto anatuma inayousifu wake. Nikauliza, Tabora ni ya ngapi? Haimo kabisa, hata mkiani haimo.

Mimi shauri nilikwisha kulikata: hatuendi popote. Nyumba ya Ipuli nimeijenga kwa mgongo huu uliobeba magunia stesheni, na mashine za kukobolea mpunga hakuniachia mtu urithi. Lakini Mama Kulwa ni mzaliwa wa Ziba, na watu wa Ziba huwazungushi. Akaniambia, "Nenda ukaone kwa macho yako. Mimi moyo wangu utaiweza safari moja tu, siwezi kujaribisha miji kama viatu. Utakaloniambia ndilo nitakalolifuata. Ila, Baba Kulwa, usiniletee jibu uliloondoka nalo."

Nikaondoka na jibu langu mfukoni hivyo hivyo. Siwafichi.

Orodha za kwenye simu siziamini, kwa hiyo nikajiwekea kipimo changu. Kila mji nitauliza bei ya kuku mzima, na kila mji nitanyoa. Kuku atanionyesha tumbo la mji, na kinyozi atanionyesha mkono wa mtu una thamani gani hapo.

Tabora hadi Bahi

Babu zetu walitoka hapa na meno ya tembo mabegani, miezi mitatu kwa miguu mpaka pwani. Basi nililopanda nadhani lilitaka kushindana nao kwa kuchelewa. Itigi tukasimama dereva anunue kitunguu. Manyoni tukasimama kondakta agombane na mtu wa mbuzi. Bahi tukasimama kwa sababu mkanda wa injini ulikatika, na mkanda mwingine ukaagizwa Dodoma, nao ukaletwa na mtu wa pikipiki ambaye, naapa, alipitia kwao kula kwanza.

Nikakaa kwenye kivuli cha basi, nimenuna. Akaja mama mmoja wa Kigogo na sinia la mayai ya kuchemsha. Nikamwuliza bei, akasikia lafudhi.

"Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Babu zenu walipita hapa na pembe, nyie bado tu mnapita? Mnatafuta nini miaka yote hiyo?"

"Tunatafuta njia ambayo haina Wagogo."

"Haipo! Lipa hongo. Hakuna Mnyamwezi aliyewahi kupita Ugogo bure." Na hapo hapo akaichomoa kofia yangu kichwani, akaivaa yeye, akaendelea kuuza mayai madirisha yote ya basi.

Kijana mmoja aliyevaa tai, abiria mwenzangu, akataka kumwita askari. Nikamwambia kaa chini, huyo ni mtani wangu. Mtani akikuchukulia kofia huna pa kushtaki, unaikomboa tu. Nikanunua mayai sita kwa bei ya kumi na mawili. Wakati ananirudishia kofia akauliza, safari wapi mzee? Nikamweleza habari ya Mama Kulwa. Utani ukamtoka usoni. Akahesabu zile pesa za ziada akaniwekea kiganjani. "Mgonjwa hatozwi hongo," akasema, akaenda zake. Basi lilipowaka nilikuwa bado nimeshika mayai, nimesahau kuyala.

Dar es Salaam

Dar nilikaa siku mbili, moja ya kupumzika na moja ya kusubiri ndege iliyosogezwa mbele mara tatu bila mtu kusema samahani. Kinyozi alikuwa Mzaramo. Akaninyoa nusu kichwa, akaniacha hivyo, akatoka nje kubishana habari za mpira. Nilipopiga kelele akacheka: "Mnyamwezi, haraka ya nini, mizigo si mmeshatua?" Bei nafuu, maneno mengi. Kuku ghali, na nyama yake haina ladha, kama unatafuna sifongo. Joto halina adabu. Twende mbele.

Maskati

Kulwa alinipokea uwanja wa ndege, akanibusu mkono kama Mwarabu. Nikamwambia niamkie kwanza. Akaniamkia.

Mji safi, huo ndio ukweli. Barabara zimelala kama mkeka mpya, maji yanatoka bombani saa zote, umeme sijauona ukikatika. Lakini watu wako wapi? Asubuhi ya kwanza nikatoka kwenda dukani kwa miguu, mwendo wa kutoka hapo barazani hadi sokoni. Magari matatu yakasimama kwa zamu. La kwanza likauliza, kwa ishara, gari langu limeharibikia wapi. La pili likanipa chupa ya maji. La tatu likakataa kuondoka mpaka nipande, likanirudisha nyumbani kwa Kulwa, dukani sikufika. Kutembea kule ni jambo la watu kukuonea huruma.

Kuku anauzwa rahisi kuliko Tabora, lakini amegandishwa, na Kulwa akanisomea kwenye mfuko kwamba ametoka Brazili. Kuku amesafiri kuliko mimi! Nikamwuliza Kulwa, "Hakuna anayefuga hapa?" Akasema, "Baba, kula tu."

Kinyozi naye rahisi, rahisi mno, nikashangaa mji wa magari yale kunyoa ni bei ya andazi na chai. Alikuwa kijana kutoka Bangladeshi. Kulwa akatutafsiria kwa Kiarabu cha kuungaunga. Yeye na wenzake wanalala wanane chumba kimoja. Mwanawe wa pili hajawahi kumshika, anamwona kwenye simu. Nikaelewa: mji huu ni nafuu kwa sababu kuna mtu mwingine anaulipia. Nikamwachia nyongeza, naye akaniminya mabega mpaka mifupa ikalia, nikatamani nisingemwachia.

Siku ya nne Kulwa akasema kuna mzee anataka kuniona, amesikia ametokea mtu wa Tabora. Tukaenda. Nyumba kubwa, ghorofani. Mlango ukafunguliwa na mzee wa Kiarabu, mwembamba, kanzu nyeupe pe, ndevu kama pamba. Kabla sijamwamkia akapaza sauti:

"Mwangaluka!"

Salamu ya Kinyamwezi! Nikaduwaa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye Mzee Nasoro. Kazaliwa hapo Mtendeni, akaondoka bado ndevu hazijamwota. Umri wake unaupita wangu kwa miaka kumi na kitu.

Basi nikajua nimekwisha. Saa tano mfululizo aliniuliza Mtendeni. Yule fundi baiskeli wa kona yupo? Alikufa. Mtoto wake? Alihama. Kile kisima? Kimefukiwa. "Nani kakifukia? Kwa amri ya nani?" Akanigombeza mimi, kana kwamba nilishika sepetu. Nikimwambia mtaa fulani sasa una ghorofa, anabisha: "Haiwezekani, pale ni kwa Bi Zuwena." Nikasema, "Mzee, mimi nimetoka huko juzi." Akajibu, "Na mimi nimezaliwa huko." Mtu mbishi namna ile sijamwona, nanyi mnajua nimeshinda na nani maisha yangu yote.

Tulipokula pilau akafungua kifungo cha kanzu kwa joto, nikaona kovu, refu, kutoka kooni kushuka katikati ya kifua. Akaniona ninaangalia. "Moyo," akasema. "Walinipasua kama mbuzi wa Idi. Miaka mingi sasa. Hospitali iko hapo chini, mwendo wa sigara moja. Nikijisikia vibaya, kabla mke wangu hajavaa viatu nimeshafika." Kisha akarudi kwenye kisima chake.

Mimi nikaendelea kula, lakini pilau ikapoteza chumvi.

London

Uwanja wa ndege wa London walinifungulia begi. Mama Kulwa alikuwa amemfungia Doto michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Askari akaishika, akainusa, akaiinua kwenye taa kama anakagua magome ya dawa. Akaniuliza maneno mengi. Mimi Kiingereza changu ni cha kuuzia mchele tu. Nikachukua kipande nikakitafuna mbele yake, kaa! kaa! kaa! Akaita mwenzake. Nikatafuna kingine. Mwishowe wakaniruhusu, nadhani waliona huruma kwa meno yangu.

Doto anakaa nyumba iliyobanwa na nyumba nyingine kulia na kushoto, kama magunia ghalani. Kodi yake sitaitaja, mtasema naongopa. Ana binti mmoja mdogo, na sehemu kubwa ya mshahara wake inawaendea watu wa kumlelea huyo mtoto wakati yeye yuko kazini akiuguza wazazi wa watu wengine. Nikamwuliza, "Sasa unafanya kazi ili iweje?" Akasema, "Baba, nimechoka, tutaongea."

Kipimo changu kikapinduka kule. Kuku wa London ni rahisi kuliko kunyoa! Kwa pesa ya kichwa kimoja unapata kuku watatu na chenji. Nikasema vizuri, huu ndio mji unaoheshimu mkono wa mtu. Nikaingia kwa kinyozi, Mturuki. Akanyoa kwa makini, sina neno. Kisha, bila salamu, akawasha kijiti chenye pamba na kunipiga moto masikioni! Niliruka na kile kitambaa shingoni mpaka barabarani. Doto akatoka mbio kunieleza kwamba ndivyo wanavyoondoa vinyweleo. Kwa bei ile unachomwa kama kichwa cha mbuzi.

Sasa sikilizeni jambo lililonipata.

Asubuhi moja Doto alikuwa amerudi kutoka kazi ya usiku, amelala, mtoto kapelekwa kwa walezi. Nikiwa dirishani nikaona gari jeusi kwenye nyumba ya jirani. Wanaume wawili wakatoa mwili umefunikwa, wakaupakia, wakaondoka. Mlangoni akabaki bibi mzee wa Kizungu peke yake, akafunga mlango.

Niambieni ninyi, hapo mtu anafanya nini? Nikavaa koti, nikachukua kiti cha jikoni, nikaenda kukaa nje ya nyumba ya jirani. Nikakaa. Nilijua wenzangu wanakuja, pengine wamekwenda kutafuta turubai. Baridi inanitoboa magoti. Saa nzima. Hakuna aliyekuja. Watu wanapita, wananitazama, wanaharakisha. Mwanamke mmoja akasimama, akafungua pochi, akaniwekea sarafu mapajani. Mimi! Maganga, mwenye mashine mbili za kukobolea, nimepewa sadaka! Nikamwita arudi achukue sarafu yake, akakimbia.

Pazia la yule bibi likafunguka, likafungwa. Mara ya tatu akatoka. Akasema maneno. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Pole sana, mama." Akanitazama. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa isiyo na sukari. Nikainywa. Ndipo Doto akatokea, ndala miguuni, nywele zimesimama.

"Baba! Unafanya nini hapo?"

"Kuna msiba. Wewe umelala."

"Baba jamani, huku mtu hakai nje ya nyumba ya mtu! Watadhani unamdai."

"Namdai nini? Mwambie nimekuja kukaa naye."

Doto akasitasita, kisha akamwambia. Yule bibi akaweka mkono mdomoni. Akaingia ndani, nikadhani amekasirika. Akarudi na kiti chake, akakiweka karibu na changu, akakaa. Doto akakaa kwenye ngazi. Yule bibi na mumewe walikuwa wameoana miaka mingi kuliko mimi na Mama Kulwa. Mazishi, akasema, baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Maiti anasubiri zamu! Nilitaka kubisha, nikamwangalia uso, nikanyamaza. Mkinijua mtajua haikuwa rahisi.

Tuliporudi ndani Doto akakaa mezani akalia. "Miaka saba tumepakana ukuta," akasema, "leo ndiyo nimejua jina lake." Nikamwacha alie. Akajifuta, akaniambia yeye mwenyewe, bila mimi kumwuliza: "Baba, usimlete mama huku. Mimi nitakuwa kazini, yeye atakuwa anaangalia ukuta. Mwambie Kulwa ameshinda."

Kurudi

Njia ya kurudi sina haja ya kuisimulia. Ndege ilichelewa, begi likapotea siku mbili, basi likapata pancha Itigi. Mnaweza kuijaza wenyewe.

Nilifika Ipuli mchana. Mama Kulwa alikuwa amekaa ukumbini, miguu imevimba kuliko nilivyomwacha. Nikaanza kumpa habari. London nilimpa yote, kiti, sarafu, moto wa masikioni, akacheka mpaka nikamwomba aache kwa ajili ya kifua chake. Maskati nikampa joto, kuku wa Brazili, kinyozi wa chumba cha watu wanane, barabara zisizo na waenda kwa miguu. Mzee Nasoro nikampa ubishi wake na kisima chake. Nikanyamaza hapo. Nikasema, "Umeona sasa. Hakuna mji."

Siku ya tatu, ninakunywa uji, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Huyo Nasoro ana umri gani?"

Nikamwambia.

"Na anakaa ghorofani?"

"Ghorofani."

"Anapanda mwenyewe?"

"Anapanda. Tena anaongea anapanda."

"Kwa umri huo. Hana ugonjwa wowote?"

Ningeweza kusema hana. Nani angejua? Kulwa hakuliona lile kovu, alikuwa jikoni. Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia kila kitu: kovu, hospitali ya mwendo wa sigara moja, miaka aliyoishi baada ya kupasuliwa.

Mama Kulwa hakupandisha sauti. "Kwa nini hukuanza na huyo?"

Nikatazama nje, watu wanapanga magunia kwenye mashine yangu. Baadaye nikasema, "Kule nitakuwa nani? Hapa nikipita, mtoto wa mtu nisiyemjua ananiamkia. Kule nikitembea magari yanasimama kuniuliza nimeharibikiwa nini."

"Utakuwa mume wa mtu aliye hai," akasema. Akavuta kikombe changu, akamalizia uji.

Basi, ndugu zangu, tunaondoka mwezi ujao. Nyumba haiuzwi, asije mtu kuniuliza. Mashine zinabaki kwa mpwa wangu. Na mnakumbuka ile siku mliyoniona pale dukani Mtendeni nimenunua mabegi mawili makubwa, mwenye duka akataja bei ya wizi, nikatoa pesa bila kuomba punguzo, mkaniita barazani mkaniuliza kama ninaumwa. Sikuumwa. Nilikuwa na haraka.